Mjitoleaji Mmoja na Walezi Wake Kumi na Mmoja

Nchi yetu ilikuwa na wizara nyingi, lakini niliyoipenda mimi ni Wizara ya Hiari. Wizara nyingine zilikuwa zikilazimisha watu: lipa kodi, chimba choo, chanja mbuzi. Wizara yetu haikumlazimisha mtu jambo lolote. Ilihakikisha tu kwamba anayefanya jambo kwa hiari yake analifanya kwa utaratibu, analifanya kwa wakati, na haachi.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi yake ya Kokoto. Haya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe, na mengi niliyaandika kwa mkono wangu katika daftari la ofisi, ambalo haruhusiwi mtu kulisoma.

Kokoto ni kijiji cha wapasua mawe. Huko ndiko alikostaafia Bi Sikudhani, mjane wa miaka sitini na mbili, aliyekaa nyuma ya dirisha la posta kwa miaka thelathini. Alirudi kijijini akitaka jambo moja, kulala mchana. Hakulipata. Kila akijinyoosha mkekani, hodi: huyu kaja na barua asomewe, huyu kadi ya kliniki, huyu karatasi ya dawa. Mwisho akachoka. Akawachagua wasumbufu wake wakubwa, tisa, akawaambia waje Jumatatu na Alhamisi katika ghala la zamani la saruji, awafundishe wajisomee. Sisemi hivi ili kumpunguzia sifa. Mwenyewe alikuwa akieleza bila kuficha: "Nilifundisha ili nipumzike."

Ilimchukua miezi minane. Wa mwisho kuelewa alikuwa Mzee Kasheku, mpasua mawe wa miaka sitini na mmoja, ambaye ile *ng'* ya ng'ombe ilimtesa wiki tatu nzima. Siku alipoweza kusoma karatasi ya dawa yake ya macho, aligundua kwamba dawa aliyokuwa akiinywa kwa miaka miwili ilikuwa ya kudondoshea machoni. Alicheka mpaka akalia, na Bi Sikudhani naye akalia, kisha akawapikia wote maandazi.

"Basi," aliwaambia. "Kila mtu sasa asome chake. Mimi niacheni nilale."

Katika nchi nyingine mambo yangeishia hapo.

Ila katika wiki ile ya mwisho ya masomo, gari la Mheshimiwa Waziri wa Hiari lilipata pancha mbele ya ghala. Mheshimiwa aliingia ndani kukimbia jua, akawakuta watu wazima tisa wakisoma kwa pamoja. Akauliza mwalimu analipwa na nani. Akaambiwa hakuna anayemlipa. Anasimamiwa na nani? Hakuna. Nani anamtia moyo? Watu wakatazamana. Mheshimiwa akatoa kitambaa akajifuta macho. Jioni ile alisema redioni kwamba taifa lisilowalea wanaojitolea ni sawa na mama anayemwacha mtoto kisimani.

Baada ya wiki tano tulifika Kokoto, walezi kumi na mmoja. Kulikuwa na Mratibu, Naibu Mratibu, Afisa wa Kutia Moyo, Afisa wa Kupima Moyo Uliotiwa, mimi karani, dereva, na wengine ambao kazi zao sikuwahi kuzielewa ingawa niliziandika. Mratibu wetu alikuwa Bwana Lufingo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakuingia nyumba ya mtu kabla ya kufuta viatu, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa na sakafu ya udongo.

Bi Sikudhani alitukaribisha, akatukalisha, akaagiza chai. Bwana Lufingo alipomaliza kueleza tulichokuja kufanya, yule mama akasema kwa upole, "Mmechelewa, wanangu. Darasa limekwisha."

"Limekwisha kwa leo?"

"Limekwisha. Wamejua kusoma."

Bwana Lufingo aliweka kikombe chini. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. "Wote?"

"Wote tisa."

"Mama," alisema, akifungua faili, "mpango ni wa miaka mitano. Hapa imeandikwa: wanafunzi tisa wasiojua kusoma watafundishwa na mjitoleaji mmoja kwa miaka mitano, hadi watakapokaribia kujua."

"Watakapokaribia?"

"Wakijua, mpango unafungwa."

Bi Sikudhani alitutazama, kumi na mmoja, tumebanana kwenye mikeka yake, vumbi la safari bado kwenye nyusi. Pale alifanya kosa moja tu, na lilikuwa kosa la adabu. "Haya," alisema, "mmetoka mbali. Nitafundisha mwezi mmoja zaidi, kwa heshima ya safari yenu."

Nikaandika: *Mjitoleaji amekubali.* Nafasi ya kuandika muda haikuwepo kwenye fomu.

Tukaanza kumlea. Kwanza alipelekwa mjini kwa mafunzo ya siku tano ya namna ya kujitolea, yaliyotolewa na bwana ambaye hakuwahi kujitolea, lakini alikuwa amesomea. Akapewa fulana ya njano iliyoandikwa NIPO KWA HIARI YANGU, na waraka uliomtaka aivae kila siku ya somo bila kukosa. Kila Jumatatu Afisa wa Kutia Moyo alikwenda nyumbani kwake kumtia moyo kuanzia saa nne hadi saa nane, na kwa kuwa saa nane si wakati wa kumwacha mgeni aondoke na njaa, Bi Sikudhani alipika. Kila Ijumaa alijaza Fomu ya Hali ya Moyo, yenye visanduku vitatu: nina furaha, nina furaha sana, nina furaha isiyo kifani. Ijumaa moja aliandika pembeni: *Nimechoka.* Nilimrudishia mwenyewe, nikamwonyesha kwa heshima kwamba kisanduku cha namna hiyo hakipo.

"Basi nijazeje, mwanangu?"

"Wengi hujaza cha kati, mama."

"Wengi gani? Si niko peke yangu?"

Alikuwa sahihi. Nchi nzima, aliyekuwa ameandikishwa ni yeye.

Wanafunzi nao walirudishwa darasani. Bwana Lufingo aliwaomba wasisome zaidi ya mstari mmoja kwa siku, na wausome kwa kusitasita. Wanane walikubali, maana kila kikao kilikuwa na soda. Mzee Kasheku alisimama.

"Miaka sitini nilijifanya najua kusoma," alisema. "Nilikuwa nashika gazeti huku roho inanidunda nisije nikawa nimelishika juu chini. Leo nimejua, mnaniambia nijifanye sijui. Ninyi mnataka niwe mkweli lini?"

"Mzee wangu, si kujifanya," Bwana Lufingo alimjibu. "Ni kujizuia."

Mzee Kasheku alikaa. Nilimwona akishika kitabu cha *a e i o u* kwa vidole vyake vilivyopondwa na nyundo, akakitazama kama mtu aliyerudishiwa ugonjwa aliokwisha kupona.

Mwezi ukapita. Ikapita mitano mingine. Mwezi wa saba Bi Sikudhani alikuja ofisini asubuhi, amevaa ile fulana juu ya kanga zake, akaomba kuonana na Mratibu. Nilikuwepo, maana kila neno lake lilipaswa kuandikwa.

Alikuwa na binti mmoja, Tausi, aliyeolewa mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Tausi alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tisa, naye alikuwa akipiga simu kila siku kuuliza swali lile lile: mama, unakuja lini?

"Naomba likizo," Bi Sikudhani alisema. "Siku arobaini tu. Mtoto akishatolewa nje, narudi."

Bwana Lufingo alipekua mwongozo. "Likizo ni haki ya mwajiriwa, mama. Wewe hukuajiriwa."

"Basi naacha."

"Anayeacha kazi huandika barua ya kujiuzulu. Huwezi kujiuzulu kazi usiyokuwa nayo."

"Vizuri. Kama sina kazi, ninakwenda zangu."

"Ukienda bila kibali itahesabiwa ni utoro."

"Utoro wa kutoka wapi?"

Alitafuta kwa kidole mpaka akapaona. "Wa kutoka kwenye hiari."

Bi Sikudhani hakupandisha sauti. Alikaa na mikono yake mapajani, akasema, "Bwana Mratibu, wewe mwenyewe unayasikia haya unayoyasema?"

Bwana Lufingo aliwatoa wengine wote, akafunga mlango. Mimi alinisahau, au alinihesabu kuwa ni sehemu ya meza. Akavuta kiti karibu na yule mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea bila faili.

"Ninayasikia," alisema. "Mama, nilikaa miaka minane bila kazi. Watoto wangu wanne walikuwa wamegawanywa kwa shangazi zao. Sasa tunalala nyumba moja. Ukiondoka, mpango unafungwa siku hiyo hiyo, na sisi kumi na mmoja tunarudi tulikotoka." Akaanza kututaja, mmoja mmoja, na mzigo wa kila mmoja: dereva na mama yake aliyepooza, Naibu na mdogo wake aliyeko chuoni. Alipofika kwangu akasema nimeoa mwezi uliopita tu. Bi Sikudhani akageuka akanitazama. Niliinamia daftari.

"Kumbe mnaonitegemea ni ninyi," alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini katika maandishi, sisi ndio tunaokulea."

Bi Sikudhani akamshika Bwana Lufingo begani kama anavyoshikwa mfiwa, akatoka.

Hata hivyo Jumanne iliyofuata alijaribu. Alifunga kikapu chake, akaweka nguo za mtoto alizozishona kwa mkono, akatembea mpaka stendi kabla jua halijawa kali. Nasema kwa fahari kwamba hakuna aliyemgusa. Dereva wetu alimkuta kwenye benchi, akamwamkia shikamoo, akachukua kikapu kwa heshima akakiweka garini. "Tumekuja kukusindikiza, mama," alisema. Na kwa kuwa kikapu kilikuwa kimeshaingia, naye aliingia. Alisindikizwa nyumbani kwake, akiwa amekalishwa kiti cha mbele.

Ndipo zikaja habari kwamba Mheshimiwa Waziri atakuja kukagua matunda ya mpango. Bi Sikudhani alichangamka ghafla. Alimwita Mzee Kasheku, wakaongea pembeni ya ghala kwa muda. Afisa wa Kupima Moyo Uliotiwa aliandika kwamba umepanda.

Siku yenyewe kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na bango kubwa tulilolichora wenyewe ofisini. Mzee Kasheku alipangiwa kusoma neno moja, *baba*, kwa shida, na Mheshimiwa amsaidie silabi ya pili. Mzee akasimama mbele ya ubao.

"Baba," alisoma, bila kusita.

Mheshimiwa, aliyekuwa ameshafungua mdomo, akaufunga.

Mzee hakurudi kukaa. Aliinua uso kwenye bango akasoma kwa sauti ya mtu anayeita wenzake machimboni: "Kalibu Mheshimiwa Waziri, Mlezi wa Hiari." Akatulia, akaeleza, "Hapa kwenye *karibu* mmeweka *l*. Mwalimu alitufundisha ni *r*." Nyuma yake wale wanane wakanyanyuka, kila mmoja na karatasi yake, huyu kadi ya kliniki, huyu ukurasa wa gazeti, wakaanza kusoma wote kwa mpigo, haraka haraka, kama watu wanaoogopa watazuiwa.

Walipomaliza, Bi Sikudhani alipita mbele. "Mheshimiwa, wanajua kusoma tangu mwaka jana. Hakuna tena wa kufundishwa. Mwanangu anajifungua wiki hii. Naomba ruhusa niende."

Bwana Lufingo alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nikimfikiria mke wangu.

Mheshimiwa Waziri alitoa kitambaa. Alijifuta jicho la kulia, kisha la kushoto, akaenda kwenye kipaza sauti.

"Wananchi," alisema, "tuliwapangia miaka mitano wakaribie kujua. Mama huyu, kwa malezi ya ofisi yangu, amewajulisha kabisa kwa mwaka mmoja na ushei. Nawauliza: tukimpa miaka ishirini, atafanya nini? Watu wa namna hii hawaachwi. Watu wa namna hii hushikwa, na hushikwa kwa mikono miwili. Kuanzia leo namtangaza Bi Sikudhani kuwa Mjitoleaji wa Maisha."

Ngoma zikapigwa. Alivishwa shada la maua ya plastiki. Nilikuwa karibu, nikamwona anayatazama yale maua kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake asijue autue wapi.

Bwana Lufingo alimkimbilia Mheshimiwa mlangoni mwa gari. "Mheshimiwa, atamfundisha nani? Hawa tisa wamekwisha kuonekana kuwa wanajua."

"Tafuteni asiyejua," alisema Mheshimiwa, na kioo kikapanda.

Tulitafuta. Tulipita nyumba kwa nyumba na kitabu cha majaribio. Lakini wale tisa, bila kibali cha mtu, walikuwa wamewafundisha wake zao na waume zao, nao wamewafundisha majirani, na watoto wote walikuwa shule. Hata kikongwe mmoja kipofu, tuliyeweka matumaini makubwa kwake, alisema alisoma zamani kabla macho hayajazima. Bwana Lufingo alipungua mwili. Barua ikaja kutoka makao makuu: ofisi isiyo na mwanafunzi ifikapo mwisho wa mwezi itafungwa, na Mjitoleaji wa Maisha atahamishiwa wilaya nyingine, ya mbali zaidi. Bwana Lufingo mwenyewe alimsomea Bi Sikudhani barua hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi Bi Sikudhani aliendelea kukaa ghalani mbele ya mabenchi matupu, na mimi nilikaa mlangoni na daftari la mahudhurio. Alhamisi moja simu yake iliita. Alisikiliza. Akasema, "Alhamdulillah." Akasikiliza tena. "Wa kiume. Na wewe mwenyewe, hujambo? Nani alikushika mkono?" Sikusikia jibu. Aliiweka simu kwenye meza, akakaa sawasawa, mikono mapajani, akitazama mabenchi. Nikaandika: *Mwalimu: yupo. Wanafunzi: hakuna.* Ilipofika saa kumi nilimwambia muda umekwisha, naye hakunisikia mpaka nilipomwambia mara ya pili.

Tausi hakungoja siku arobaini. Wiki tatu tu baada ya kujifungua alipanda basi na mtoto mgongoni, jambo ambalo wanawake wa Kokoto walilisema vibaya kwa siku mbili, kisha wakaja wote kumwona. Bi Sikudhani alimpokea mjukuu wake mlangoni, akaingia naye chumbani, akatoka baada ya muda mrefu akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona juu ya fulana ile ya njano.

"Nimekuja kukuchukua, mama," Tausi alisema. Mimi nilikuwa nimeleta fomu ya Ijumaa. "Siondoki hapa bila wewe."

Hapo Bwana Lufingo alikuwa amesimama kizingitini, anafuta viatu. Alivifuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Hongera sana," alisema kwa sauti ndogo. "Ana muda gani?"

"Wiki tatu," alisema Tausi.

"Na hajui... kusoma?"

Tausi alicheka, akidhani ni utani wa watani. Akaangalia huku na huku kuona nani mwingine anacheka, na kicheko chake kikafifia peke yake.

"Atakaa hapa Kokoto?" aliuliza Bwana Lufingo.

"Tunaondoka Jumatatu. Na mama."

Bwana Lufingo aliomba kiti. Alieleza taratibu, bila kutazama uso wa mtu, kwamba asiyejua kusoma akipatikana ndani ya mipaka ya mpango anakuwa mwanafunzi, na mwanafunzi wa chini ya miaka kumi na minane hukaa na mlezi wake, na mlezi wa mwanafunzi haondoki eneo la mpango bila kibali. Kibali kilikuwa kikitolewa na Mheshimiwa, aliyekuwa safarini. Akanigeukia. "Karani, wino."

Nilifungua kibweta cha wino. Sikujua kama ninachoona ni aibu au furaha ya kubaki na kazi. Mtoto alikuwa amekunja ngumi. Nilijaribu kukitoa kidole gumba chake kwa ustaarabu, lakini hakikutoka. Tausi alimtazama mama yake. "Mama, hawa watu wanasema kweli?"

Bi Sikudhani alimtazama Bwana Lufingo, na nilidhani sasa atatufukuza kwa mchi, na ningeona ni haki yake. Badala yake aliuliza, "Huyu akijua kusoma, mtaniachia?"

"Mama, ile barua ni ya aliyekosa mwanafunzi, si ya aliyemaliza wa mwisho; akijua huyu, hakuna mwingine. Hapo hata Mheshimiwa hawezi."

"Na mama yake?"

"Na mama yake."

Aliivua ile fulana ya njano, akaikunja, akaitandika mapajani, akamlaza mtoto juu yake uso kwa uso. Akamngoja mpaka alipofungua macho.

"*A*," alimwambia.

Mtoto akamkodolea.

"*A*," alisema tena Bi Sikudhani, polepole, midomo wazi.

Bwana Lufingo aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni kando yake, akaunganisha viganja.

"Mama," alisema, "nakuomba kwa jina la watoto wangu. Asiharakishwe."